Jinsi ya Kuipima Simu ya Bei Nafuu Kabla Hujatoa Hela: Mwongozo kwa Mtu wa Kazi na Burudani

Simu za kati ya laki mbili na laki nne za Tanzania ndizo ngumu kuchagua kuliko zote. Simu ya milioni mbili itafanya karibu kila utakaloiambia, na kitochi hakina cha kupima. Hapo katikati ndipo panapochanganya: simu kumi zimepangwa kwenye kabati la kioo, zote zina kamera tatu mgongoni, zote zimeandikwa 50MP (megapikseli 50 za kamera), zote betri ni 5000 mAh, na muuzaji anakwambia kila moja ni "kali". Ukizitazama kwa macho tu huwezi kuzitofautisha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka simu moja impigie mzigo mchana na imburudishe usiku. Msimamo wangu nautaja mapema: simu ya bei hii ipimwe kwa shughuli zako, ukiwa bado dukani na hela yako ikiwa bado mfukoni. Kilichoandikwa kwenye boksi kiwe cha kuanzia maswali tu.

Anza na siku yako

Kabla hujauliza bei, andika simu itafanya nini kuanzia asubuhi hadi usiku. Usiandike "WhatsApp na YouTube". Kila mtu anaandika hivyo na haisaidii. Andika kama hivi: "Napiga picha vitenge kila asubuhi, naviweka stetasi, najibu wateja mpaka saa nne usiku." Au: "Niko juani na pikipiki, ramani iko hewani muda wote, laini moja ya wateja na nyingine ya bando." Au: "Naingiza alama za wanafunzi kwenye Excel, nina kikao cha Zoom kila wiki, usiku nafuatilia tamthilia."

Ona watu hawa watatu wanavyotofautiana. Wa vitenge anahitaji kamera isiyodanganya rangi na nafasi kubwa ya kutunzia picha. Wa bodaboda anahitaji kioo kinachosomeka juani, dira ndani ya simu na betri isiyochemka. Mwalimu anahitaji RAM ya kutosha (kumbukumbu ambayo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi), maikrofoni safi na kioo ambacho tarakimu ndogo haziungani. Wote wanaweza kuwa na laki tatu na nusu, na bado kila mmoja akatoka na simu yake.

Ukishaandika, chagua mambo mawili ambayo simu ikiyashindwa unairudisha kabatini hapohapo. Mawili tu. Kwa hela hii lazima kuna kitu utakikosa, na ni afadhali uchague mwenyewe cha kukosa kuliko kuchaguliwa na kiwanda.

Soma boksi, hasa maandishi madogo

Tuanze na RAM, maana ndipo watu wengi wanapopigwa. Boksi linatangaza "8GB RAM" kwa herufi kubwa kama bango la mgombea. Chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa kurunzi, kuna "4GB + 4GB". Nne ya kwanza ndiyo RAM. Nne ya pili imeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ileile unayowekea picha, na kasi yake haikaribii ya RAM. Samsung wanaiita RAM Plus, Tecno wanaiita MemFusion, wengine wana majina yao. Inasaidia kidogo programu uliyoiacha nyuma isifungwe, lakini simu haiendi mbio zaidi kwa sababu yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni: "RAM yenyewe, bila ya kuongeza, ni ngapi?" Akisitasita, mwombe awashe simu mwangalie pamoja kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu au ya kumbukumbu. Kwa mtu wa kazi, 4GB halisi ndiyo mwanzo. Simu ya 2GB au 3GB mnunulie mtu wa kupiga, kupokea, kutuma pesa na kuchati tu.

Hifadhi nayo ina mambo yake. Katika simu ya 64GB, usishangae kuikuta robo au zaidi imeshaliwa na mfumo siku ya kwanza unapoiwasha. Hapo bado magrupu: la ukoo, la kikoba, la harusi ya mtoto wa jirani, kila moja linamwaga video. Usijipe moyo kwamba utaweka memori kadi, kwa sababu WhatsApp hutunza mafaili yake kwenye hifadhi ya ndani, na programu nyingi hukaa humohumo. Kadi inafaa kwa muziki, filamu ulizopakua na picha za zamani. Simu nyingi za bei hii hutumia hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko UFS iliyoko kwenye simu za juu, na ikikaribia kujaa simu nzima inaanza kuburuta miguu. Kama tofauti ya 64GB na 128GB ni elfu thelathini au arobaini, mimi ningelipa. Ni heri ninyimwe kamera ya tatu.

Kamera ya tatu yenyewe, tena, mara nyingi ni pambo. Kati ya zile duara mgongoni, inayopiga picha kweli ni moja. Ya pili huwa ya 2MP au chini ya hapo, kazi yake kusaidia kufifisha mandhari ya nyuma. Ile 50MP ni kweli ipo, lakini kwa kawaida simu huunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya kama 12.5MP. Huo si wizi, ndivyo inavyokusanya mwanga. Ila usimlipe mtu zaidi eti kwa sababu yake ni 50 na ya jirani ni 13, kabla hujaona picha zenyewe.

Prosesa ndiyo injini, na wauzaji huitaja kwa namba moja tu: "viini vinane". Karibu zote zina viini vinane siku hizi. Swali ni vya aina gani. MediaTek Helio G36 ina viini vinane vidogo, vyote vya Cortex-A53. Helio G85 na Unisoc T606 zina viwili vyenye nguvu vya Cortex-A75 na sita vidogo vya Cortex-A55. Helio G99 inapanda zaidi kwa viwili vya Cortex-A76, na imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6 badala ya 12, kwa hiyo haili betri sana na haichemki haraka. Hivyo viwili vikubwa ndivyo vinavyofungua programu na kuchora ramani. Kwa kazi ya kila siku, nisingeshuka chini ya T606 au G85. Ukikutana na G99 ndani ya bajeti yako, hapo ongeza umakini: ama umebahatika, ama kuna kasoro ambayo hujaiona.

Dukani: njoo na vitu vyako

Njoo na laini yako yenye bando, hedifoni za waya, kitambaa kilaini, na kama unaweza, mtu wa kuongozana naye. Uwe Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, duka linalokataa usiweke laini yako kwenye simu unayotaka kununua halistahili hela yako.

Cha kwanza piga *#06#. Zitatokea namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, tarakimu 15, mbili kama simu ina laini mbili. Zifananishe na zilizo kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu, usiishie nne za mwisho. Kisha kwa Tanzania tuma IMEI hiyo kwa ujumbe kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko. Kwa Kenya itume kwenda 1555 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Jibu litakuja na aina ya simu. Kama umeshika Samsung na jibu linataja jina jingine, rudisha simu na usibishane. Wanaokumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki nchi nzima, wanajua kwamba hilo halikuwa tishio la maneno.

Ukiwa hapo, ingia Mipangilio utazame tarehe ya sasisho la usalama la Android. Simu "mpya" ambayo sasisho lake la mwisho ni la miaka miwili nyuma, na ukibonyeza kutafuta jipya haileti kitu, imeshaachwa na kiwanda. Itafanya kazi, lakini si simu ya kuwekea pesa zako zote na programu ya benki.

Kioo, kipande kwa kipande

Kioo ndicho utakachogusa maelfu ya mara kwa siku, kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Kwanza mguso. Bonyeza alama ya programu yoyote uishikilie mpaka iinuke, kisha iburute polepole bila kuinua kidole: pita kingo zote nne, halafu shuka kwa mistari kutoka juu hadi chini, mmoja baada ya mwingine, kama unafyeka shamba. Alama ikidondoka mahali, rudi palepale ujaribu tena. Ikidondoka mara ya pili mahali hapohapo, kioo kina sehemu iliyokufa. Kwenye Samsung kuna njia ya mkato: piga *#0*#, ukurasa wa vipimo unafunguka, chagua Touch, paka visanduku vyote mpaka viishe. Angalia sana ukingo wa chini, ambako kibodi hukaa. Simu inaweza kuwa nzima kote halafu ikakunyima herufi "m" na nafasi.

Halafu chomeka chaja na urudie. Chaja mbovu hufanya kioo kiruke chenyewe, herufi zinajiandika, kurasa zinajifungua. Ikitokea kwa chaja moja tu, tatizo ni chaja. Ikitokea kwa chaja mbili tofauti, tatizo ni simu.

Pili, mwanga. Taa za duka hukipendezesha kila kioo. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba niitazame pale nje kidogo." Atakujibu, "Bosi, hii mpya kabisa, haina shida." Sawa, haina shida, lakini nje twende. Weka mwanga hadi mwisho, fungua ujumbe mfupi wa M-Pesa wenye maandishi madogo, geuzia kioo juani. Kama unalazimika kuikinga kwa kiganja ili usome salio, fikiria utafanya hivyo mara ngapi kwa siku ukiwa barabarani.

Tatu, ukali wa maandishi. Kioo cha inchi 6.6 chenye nukta 720 kwa 1600 kina nukta kama 266 kwa kila inchi. Cha 1080 kwa 2400 kwa ukubwa huohuo kina karibu 400. Kwa tamthilia na TikTok tofauti hiyo unaizoea. Kwa jedwali la Excel au PDF ya kurasa nyingi utaiona kila siku. Fungua hati halisi, ipunguze mpaka ukurasa mzima uonekane, uone kama bado unaweza kusoma. Kile cha 90Hz wanachokitangaza, yaani kinachojichora upya mara 90 kwa sekunde, hufanya kurasa ziteleze vizuri zaidi; kinapendeza, lakini sijawahi kuona mtu amepoteza kazi kwa kukikosa.

Sauti, simu na dira

Piga simu, usiishie kuuliza salio. Mpigie mtu, weka simu sikioni, mzungumze hata dakika moja. Sikiliza kama unamsikia bila kuibana simu sikioni, muulize kama anakusikia bila mwangwi. Angalia kioo kinazima kikifika sikioni: baadhi ya simu za bei nafuu hazina kihisi halisi cha kujua uso uko karibu, hutumia mahesabu ya programu, na nyakati nyingine shavu hukata simu au kuwasha spika katikati ya mazungumzo na mteja. Rudia na laini ya pili. Kisha ukiwa kwenye simu, jaribu kufungua ukurasa wa intaneti. Ukikatika, ama VoLTE (kupiga simu kupitia mtandao wa 4G) haijawashwa, ama simu au mtandao wako hauitoi, na maana yake kila unapopigiwa, hotspoti ya ofisi nzima inazima.

Tazama pia mahali pa kuwekea laini. Kuna trei ya vyumba vitatu, laini mbili na memori kadi kwa pamoja, na kuna ya vyumba viwili ambapo kadi inagombania nafasi na laini ya pili. Kama una laini ya biashara na ya nyumbani, hilo si jambo dogo.

Rekodi ujumbe wa sauti WhatsApp ukiwa mlangoni, magari yakipita, kisha usikilize. Kisha weka wimbo kwa sauti ya mwisho. Singeli inafaa sana kwa kazi hii, maana spika dhaifu haiwezi kuificha aibu yake. Simu nyingi za kundi hili zina spika moja chini. Ishike kwa ulalo kama unavyotazama filamu: kidole kikiifunika, sauti inazama. Chomeka hedifoni za waya uone kama tundu lipo na halilegei. Wapenzi wa redio wajue kwamba redio ya FM ndani ya simu kwa kawaida hutumia waya wa hedifoni kama antena, kwa hiyo hedifoni za bluetooth pekee hazitasaidia.

Dira husahaulika na wengi, na baadhi ya viwanda huiondoa ili kupunguza gharama. Fungua Google Maps, subiri nukta ya buluu ionekane. Nukta hiyo inatakiwa iwe na mwale unaoonyesha umeelekea wapi. Zunguka ulipo, robo mzunguko. Mwale ukizunguka pamoja nawe, dira ipo. Nukta ikiwa tupu, simu itajua mwelekeo wako ukishaanza kutembea tu, na dereva wa bodaboda atajikuta anaanza safari upande usio wake. Wanaotumia programu za kutafuta kibla nao wapime hapohapo, kwa sababu bila dira mshale huo hauna pa kuelekea.

Kamera kwa mtu wa biashara

Usipige picha ya kabati la duka. Tafuta khanga au kitenge chenye nyekundu na rangi ya machungwa, kipige picha, kisha weka simu pembeni ya kitambaa chenyewe. Kamera nyingi za bei nafuu huivuta nyekundu kuelekea waridi au kuiwasha kupita kiasi. Kwa mtu anayeuza nguo mtandaoni hiyo ni kesi: mteja wa Mwanza ataletewa mzigo aseme sio alioagiza.

Jaribio la pili: simamisha mwenzako mlangoni, mwanga wa nje ukiwa nyuma yake, upige uso. Simu duni itaonyesha barabara vizuri na kumfanya mtu kivuli cheusi. Fanya hivyohivyo kwa kamera ya mbele, kwa sababu ndiyo itakayokuwa kwenye vikao vya Zoom. Jaribio la tatu, piga picha ya risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) kwa karibu. Ikishindwa kulenga herufi, basi hata kazi ya kuskani nyaraka utaifanya kwa kubahatisha.

Kwa ajili ya usiku

Kama unalipia Netflix, kuna kitu kimoja ambacho muuzaji hatakitaja. Simu za Android hupewa daraja la ulinzi wa filamu liitwalo Widevine. Simu yenye L1 inaonyesha picha ya ubora wa juu. Yenye L3 inaishia kwenye ubora wa chini, kama 480p, hata kioo kikiwa kizuri na bando likiwa la kutosha. Pakua programu ndogo ya DRM Info, fungua, tafuta neno Widevine na daraja lake. Dakika moja imeisha. Kwa YouTube na TikTok hilo halikuhusu.

Kuhusu michezo, nisiwe mrefu: pakua mchezo unaoucheza, ucheze dakika kumi, gusa mgongo wa simu. Joto la kawaida lipo; la kukufanya ubadilishe mkono halifai.

Betri ya 5000 mAh ina nishati ya takriban saa-wati 19. Kwa chaja ya wati 10 hesabu inakupa kama saa mbili, ila ukijumlisha upotevu na kasi inavyopungua karibu na mwisho, tegemea kukaribia saa tatu. Kwa maeneo ambako umeme unakuja na kuondoka, tofauti ya wati 10 na 18 au 25 inaonekana. Uliza mambo mawili: simu inapokea wati ngapi, na chaja iliyoko ndani ya boksi inatoa wati ngapi, kama imo.

Tuipime moja: Galaxy A06

Chukua Samsung Galaxy A06, iliyotoka 2024. Prosesa yake ni Helio G85, ambayo ilianza kuonekana sokoni 2020; si kijana, lakini ni ile ya viini viwili vikubwa. Kioo ni inchi 6.7 kwa nukta 720 kwa 1600, yaani kama 262 kwa inchi, na kasi ya 60Hz. Betri 5000, inapokea wati 25, lakini usitegemee kukuta chaja ndani ya boksi. Iweke kwenye bajeti. Ina alama ya kidole pembeni, kitu ambacho A05 iliyoitangulia haikuwa nacho. Ilitoka na Android 14, na ahadi ya masasisho makubwa mawili na miaka minne ya usalama.

Injini hiyohiyo ya G85 imo pia kwenye Redmi 13C na Tecno Spark 20, na hizo mbili zina kioo cha 90Hz. Kwa hiyo anayekwambia moja kati ya hizi tatu "inakimbia" kuliko nyingine kwa sababu ya prosesa, anauza maneno. Tofauti za kweli ziko kwingine: masasisho, RAM halisi ya toleo uliloshikishwa, kamera, na matangazo yanayokuja ndani ya mfumo.

Mwalimu wetu angeipokea A06 ya 4GB na 128GB kwa ajili ya masasisho na programu ya benki, japo jedwali la Excel litamsumbua macho. Dereva wa bodaboda asiichukue kabla ya jaribio la jua na la dira. Mpenda filamu ningemwambia avumilie, aongeze hela kidogo, au atafute Galaxy A15 ya 4G iliyotumika vizuri: ina kioo cha AMOLED cha nukta 1080 kwa 2340 na prosesa ya G99. Ni daraja jingine kabisa. Lakini kusema "iliyotumika vizuri" kunatupeleka kwenye shida nyingine.

Mtumba na mkopo

Simu iliyotumika inaweza kuwa nunuo zuri kuliko mpya ya bei ileile, ila ina mitego miwili mikubwa. Wa kwanza ni akaunti ya Google ya mwenyewe wa zamani. Mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako kisha aiwashe. Ikidai akaunti iliyokuwamo awali, na yeye hana neno la siri, hiyo simu huenda imeibwa au ina mwenyewe anayeitafuta.

Mtego wa pili ni simu ya mkopo. Simu zinazouzwa kwa kulipa kidogokidogo, kama zile za M-Kopa nchini Kenya na Uganda, huwekewa kufuli linaloizima malipo yakisimama. Mtu analipa miezi mitatu, anakuuzia, anatoweka. Wiki ijayo kioo kinakuambia deni halijalipwa. Kabla ya kununua mtumba tazama kwenye mipangilio ya usalama kama kuna programu yenye mamlaka ya msimamizi wa kifaa, na simu ikishafutwa iunganishe na intaneti, uisubiri imalize kujipanga hadi mwisho. Mengi ya makufuli haya hurudi hapo.

Zile zilizotoka Marekani ziangalie kwa jicho la pili: baadhi zimefungwa kwa mtandao mmoja wa huko, na nyingine hazina bendi 20 ya 800 MHz, masafa yanayofika mbali zaidi kuliko ya juu kama 1800 MHz. Mjini utaona 4G, ukifika kijijini inapotea wakati ya mwenzako ipo. Kwa betri, weka mwanga wa mwisho, cheza video ya YouTube kwa robo saa. Ikishuka zaidi ya asilimia tano, betri imechoka, na bei ya betri mpya ikatwe kwenye bei ya simu.

Ukikopa wewe mwenyewe, piga hesabu yote kabla ya kusaini. Tuseme kianzio ni 60,000 na kila siku 1,500 kwa siku 365. Hizo za kila siku ni 547,500. Jumla 607,500, kwa simu ambayo taslimu ni 320,000. Kuna mtu ambaye hata hivyo itamlipa, kwa mfano dereva ambaye bila simu hapati abiria leo. Anayetaka ya kutazamia tamthilia angoje, acheze upatu, anunue taslimu.

Ukishalipa

Dai risiti ya EFD yenye IMEI au angalau jina kamili la simu, na uandikiwe dhamana ni ya muda gani na inarudishwa kwa nani: dukani au kituo cha kampuni. Uliza pia duka linapokea marejesho kwa siku ngapi, kisha zitumie siku hizo kuisumbua simu. Wiki ya kwanza si ya kuitunza. Jaza laini zote mbili, washa hotspoti saa nzima, ingia kikao cha video, piga picha usiku, lala nayo kwenye chaji. Kasoro nyingi za kiwandani hujitokeza mapema, na ni bora zijitokeze ukiwa bado una haki ya kurudisha.

Siku hiyohiyo ya kwanza, ingia kwenye mipangilio ya arifa uzime zile za duka la programu la kampuni, kivinjari kilichokuja nacho na programu za habari usizoziomba. Zinakula bando kimyakimya. Programu usiyoweza kuifuta, izime. Kwenye kibodi ya Gboard ongeza Kiswahili na uwashe kuandika kwa sauti. Kwa anayejibu wateja wengi inaokoa vidole.

Boksi usilitupe. Nakili namba za IMEI kwenye daftari linalobaki nyumbani, kwa sababu simu ikiibiwa ndizo utakazopeleka polisi pamoja na jina la simu, na namba ya taarifa utakayopewa huko ndiyo kampuni ya simu itakayokudai ili iifungie isitumike kwa laini nyingine yoyote.